Nikivuta pumzi akili hutulia, nyumbani wanasema nimepandwa

Somo, asalamu aleikum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Wete, nimeolewa huku kusini Unguja, kwenye vijiji vya walima mwani. Nina watoto watatu, mkubwa yuko sekondari, kitindamimba hajaanza skuli. Mume wangu ni mvuvi na muda mwingi huwa dago, kambini kwa wavuvi. Naishi na mama yake, bi mkubwa, ambaye tangu nije nyumba hii hajanikosea kwa neno wala kwa jicho. Natanguliza hilo kwa sababu ninayokuja kuyasema yanaweza kumfanya aonekane mkali, na si mkali.

Nafanya usafi katika hoteli moja ya pwani. Pana banda la makuti ambamo wageni hufanya yoga asubuhi na jioni, na mimi ndiye ninayelifagia, natandika mikeka na kuikunja. Mwalimu wao, mama wa makamo kutoka Ujerumani, aliniona nimesimama na ufagio natazama, akaniambia nikimaliza kazi naweza kukaa nyuma. Ile mikao ya kujipinda sikuitaka, mimi na buibui langu wapi na wapi. Nilichokipenda ni cha mwisho: watu wanakaa kitako, wanavuta pumzi polepole, wanaitoa polepole zaidi, kisha wananyamaza, kila mtu na nafsi yake.

Somo, akili yangu haijui kunyamaza. Nikisali nawaza sufuria jikoni, nikipika nawaza tuisheni ya mtoto. Nikilala ndio kabisa: bei ya mchele, presha ya mama yangu kule Wete, mkopo wa kikundi niliomdhamini wifi yangu naye halipi (mume wangu hajui, wifi aliniomba nisimwambie kaka yake), nguo za Idi, bati linalovuja. Siku ile nilipokaa nyuma ya wale wageni nikavuta pumzi kama wao, nilishtuka mwalimu anasema tumemaliza, na mimi muda wote ule sijahesabu pesa.

Nikaanza kufanya nyumbani baada ya alfajiri, juu ya msala wangu, kabla watoto hawajaamka. Mwanzo ilinifaa. Lakini siku nyingine mawazo yalikuwa hayashikiki, nikaona ile pumzi ya polepole ni dawa ndogo kwa maradhi yangu. Nikatafuta kwenye simu. Nikamuona kijana anafundisha pumzi ya haraka, tumbo linarushwa ndani kwa nguvu, puani inatoka kama mtu anayepenga, dakika kadhaa bila kusita, anasema inasafisha kichwa. Nikaishika hiyo.

Alfajiri moja nilipokuwa naifanya nikasikia kizunguzungu, midomo inafanya ganzi, moyo unakwenda mbio, na vidole vya mikono yote miwili vikajikunja vyenyewe, nikawa siwezi kuvinyoosha. Hapo ndipo bi mkubwa alipoingia kuomba kiberiti. Alipiga ukelele nyumba nzima ikaamka, na majirani. Akanisomea Ayatul Kursiyyu, akafukiza ubani. Baada ya muda nikarudi sawa, na kwake huo ndio ukawa ushahidi: sheitani kaondoka kwa kisomo. Anasema nimempata hotelini, kwa kukaa kwenye banda la watu ambao hatujui wanaabudu nini, na anataka nikatazamwe kwa fundi mmoja wa uganga anayemuamini.

Habari ikamfikia mume wangu kabla sijampigia. Aliniambia kwenye simu: "Watu hapa dago wananiuliza kama mke wangu siku hizi anaabudu na Wazungu. Bora uache." Sikumjibu kitu.

Nimeacha kufanya nyumbani. Lakini tangu niache, usingizi umeniruka, nasikia adhana ya alfajiri nikiwa macho. Nikikaa kutaamali bila ile pumzi, mawazo yananivamia nainuka. Kwa hiyo mara moja moja nafanya ile ya polepole kwenye stoo ya mashuka hotelini, mlango nimeurudishia. Niseme na jingine: mimba ya huyu mdogo niliambiwa presha imepanda, nilipojifungua sikurudi kupima.

Mume wangu atarudi karibuni. Nimwambie kwamba bado nafanya, au niache kweli kweli ili nyumba itulie? Je, nimefanya haramu? Na kama si haramu, nipumue vipi ili akili itulie kabla ya kukaa, bila ya kuwatisha watu tena?

Akili Haitulii, Kusini Unguja

*

Waaleikumu salamu, mwanangu.

Kama nimekufahamu vizuri, umepata kitu kilichokupumzisha, ukakiongeza nguvu kikakutisha, na sasa watu watatu unaowapenda wamekihukumu kila mmoja kwa sababu yake. Watatu, kwa sababu nakuhesabu na wewe. Katika barua yako hakuna aliyekutilia shaka kuliko wewe mwenyewe.

Tuanze na asubuhi ile, maana yote yaliyofuata yametoka hapo. Mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ukipumua haraka na kwa nguvu kupita mahitaji ya mwili, unaitoa hewa ukaa kwa kasi kuliko mwili unavyoitengeneza. Tunaijua hewa hiyo kama uchafu wa kutolewa, lakini damu inaihitaji kwa kiasi chake. Ikipungua mno, mishipa ya damu ya ubongo hubana, ndipo kizunguzungu. Damu nayo hubadilika, madini ya chokaa (kalsiamu) yanayotuliza mishipa ya fahamu hupungua makali, ndipo ganzi ya midomo na vidole kujikunja. Wauguzi huyaona haya kwa watu walioshikwa na hofu kubwa, na huondoka pumzi inaporudi kwenye mwendo wake. Huenda kile kisomo kilikusaidia kwa njia hiyo pia: ulisimama, ukamsikiliza mtu unayemuamini, pumzi ikashuka.

Sikwambii kama masheitani wapo au hawapo. Hilo ni la imani yako, na mimi ni mtu wa visiwa hivi hivi. Nakwambia tu kwamba ulichokitaja kina sababu inayojulikana. Na hebu jiweke mahali pa bi mkubwa: unaingia chumbani kuomba kiberiti, unamkuta mkweo anahema, macho kayafumba, vidole vimepinda. Ungewaza nini? Unasema si mkali, nami nakubali. Aliogopa.

Kijana wa kwenye simu hakukwambia jambo moja. Katika Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha yoga cha karne ya 15 hivi, pumzi ile ya kurusha tumbo imehesabiwa miongoni mwa matendo sita ya kujisafisha, mbali na pumzi za kutuliza. Walimu wengi huitumia kuamsha mwili uliozubaa. Kuifanya ili akili itulie ni sawa na kumpigia mtoto ngoma ili alale. Kitabu hicho hicho kinasema pumzi ikiyumba akili nayo huyumba, na kinaonya kwamba pumzi hufugwa kidogo kidogo, kama anavyofugwa simba au tembo, na anayeiharakisha hujidhuru. Kwa hiyo onyo ni la zamani, tena limo ndani ya yoga yenyewe. Patanjali naye, mwalimu wa kale wa yoga, katika hatua zake nane, ameiweka pumzi ya nne, na kutaamali ya saba. Kati yake pana hatua za kuzirudisha hisia ndani na kuikazia akili kitu kimoja. Wewe ulitaka pumzi peke yake ikuvushe mpaka ng'ambo.

Ile ya polepole uliyoiona ndogo, mimi nadhani ndiyo yenye kazi. Vuta kwa puani kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, bila kukamia. Jumla ni sekunde kumi hivi, yaani pumzi sita kwa dakika. Tunapovuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, tunapoitoa hupunguza, na anayeshika breki hiyo ni mshipa wa fahamu uitwao vagasi. Ukiurefusha utoaji unaipa breki nafasi zaidi. Dakika tano zatosha kuanzia. Hesabu ikikubana, iwe tatu kwa nne. Ukisikia unatamani kupiga mhemo mkubwa, umeshajilazimisha, legeza. Wapo wanaopenda kupokezana matundu ya pua: unaziba la kulia kwa kidole gumba, unavuta kwa la kushoto, unaziba la kushoto unatolea la kulia, unavuta hapo hapo na kurudi. Wengine hutoa pumzi kwa kuvuma, midomo imefungwa. Hii ya kuvuma kwako ningeiacha kwa sasa. Bi mkubwa akisikia mvumo chumbani saa kumi na moja alfajiri tutaanza upya.

Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti ulioongozwa na daktari Mtaliana, Luciano Bernardi. Watu wazima 23 walisoma rozari ya Kikatoliki kwa Kilatini, na wakati mwingine maneno ya yoga yanayorudiwa. Kisomo cha namna zote mbili kiliwashusha mpaka karibu pumzi sita kwa dakika, na mwendo wa moyo na wa presha ukaanza kwenda pamoja. Uradi haukupimwa pale, nami sitaupimia. Lakini wewe una tasbihi. Siku unapoleta nyiradi zako bila haraka, kila tamko ukalimaliza kabla ya kulianza jingine, pumzi yako huwa inafanya nini? Itazame siku moja uniambie. Sisemi ibada igeuzwe dawa ya usingizi. Nauliza tu kama pumzi ndefu ni ngeni nyumbani kwako kama inavyodhaniwa.

Hapo tunaingia kwenye swali la haramu, na mimi si mufti. Ninachoweza kukueleza ni kwamba wanavyuoni hawakulitazama kwa jicho moja. Malaysia, mwaka 2008, baraza lao la fatwa liliwakataza Waislamu yoga yenye maneno ya ibada ya Kihindu. Indonesia, Januari 2009, maulamaa waliharamisha ile yenye ibada na maneno hayo, lakini mazoezi matupu ya mwili hawakuyagusa. Saudi Arabia mwaka 2017 iliitambua yoga kuwa mchezo. Na kwetu hapa, tangu zamani, zikri ya kukohoa, ile ambayo pumzi ya kifuani ndiyo inayobeba jina la Mwenyezi Mungu, ina wanaoipenda na wanaoipinga, na wote ni watu wa msikitini. Mabishano juu ya pumzi hayakuletwa na watalii.

Ukienda kuuliza, kwa sheikh unayemuamini au Ofisi ya Mufti, usiulize kwa mkato "yoga inafaa?" Utajibiwa kwa mkato. Eleza unachokifanya: nakaa baada ya sala, navuta hewa kwa hesabu, natoa kwa hesabu, sitamki kitu. Halafu eleza pia yanayofanyika bandani. Kama mwishoni wageni huimba "Om" au huinamia kitu, na wewe uko pale nyuma, hilo lina swali lake, tofauti na la chumbani kwako. Huenda majibu yakawa mawili.

Sasa niruhusu nikuulize. Unasema akili yako haijui kunyamaza, kana kwamba zipo zinazojua. Mimi sijaziona. Wanaotaamali kwa miaka wanasema mawazo hayakomi, wanachojifunza ni kugundua wameshachukuliwa na kurudi kwenye pumzi, mara mia ikibidi. Kwa hesabu hiyo, asubuhi zile ulizoinuka ukidhani umeshindwa, pengine ulikuwa ndio kwanza umeanza. Ulipogundua unawaza bati, kugundua kule kulikuwa kazi yenyewe.

La pili ni gumu kidogo. Katika orodha ya mawazo yako mna bei ya mchele, mna nguo za Idi, mna bati. Hayo kila nyumba inayo. Katikati umetia, kwenye mabano, mkopo wa wifi na kwamba mumeo hajui, kisha ukapita haraka kwenda kwenye nguo. Nimeyarudia mabano yale zaidi ya kitu chochote katika barua yako. Naweza kuwa nimekosea. Lakini mtu aliyedhamini deni lisilolipwa, akaficha, akilala lazima akili imsemeshe, na sidhani kama hayo ni maradhi. Kuna mawazo yanayopita ukiyapumulia, na kuna mengine yanangoja kusemwa. Pumzi haitalipa kikundi. Inaweza kukupa kifua cha kulifungulia mdomo, na hiyo nayo si haba.

Kuhusu mumeo, msome tena. Hakusema haramu. Alisema watu wananiuliza. Mwanamume yuko dago, kazungukwa na wenziwe, anatiwa maneno juu ya mkewe na hana la kuwajibu kwa sababu hakuwepo. Unauliza uache au umwambie, nami naona njia zaidi ya hizo mbili, kila moja na bei yake.

Unaweza kuacha kabisa. Nyumba itatulia kwa muda, na hilo si dogo kwa mke anayeishi ukweni. Lakini umeshaonja kuacha kulivyokufanya, na mtu akiacha kitu bila kukubali moyoni, kinyongo hutafuta mlango mwingine. Unaweza kuendelea na stoo yako ya mashuka. Humkosei mtu mle ndani, ila kisiwa hiki unakijua: siku mlango ukifunguliwa, utakuwa unaeleza ulifuata nini stoo badala ya kueleza pumzi. Unaweza kumwambia mumeo akirudi, na akakataa. Hapo utakuwa unajua anachokataa, na yeye anajua anachokukataza, ambayo ni tofauti na sasa. Wengine husubiri siku ya pili au ya tatu, mtu ameshalala, ameshakula cha nyumbani, huku ukizungumzia usingizi uliokuruka kabla ya kutaja yoga. Wewe ndiye unayemjua saa zake.

Au uanze na bi mkubwa, aliyeona. Je, ungekaa naye ukumbini mchana, tasbihi mkononi, ukamuonesha pumzi ya polepole, macho wazi, vidole vimenyooka? Mwanamke aliyeinama majini kwa mwani miaka yote hiyo huenda na yeye akapenda kukaa akavuta hewa. Akikataa, umemuonesha heshima. Akikubali, yeye ndiye atakayemjibu mwanawe na majirani, na maneno yake yatashinda yako. Hatari ipo: huenda akaona unamvutia kwenye mambo yale yale. La fundi nalo lipime. Kisomo na dua nyumbani sioni vitakupunguzia nini. Ngoma ya kupunga ina gharama, na wewe una deni. Akikung'ang'ania, muulize mnaweza kwanza kupima presha, kisha mrudi kulizungumza.

Na mkopo? Ulimuahidi wifi usiseme. Kumwambia mumeo bila yeye kujua kunaweza kuvunja udugu, na kunyamaza kunaweza kuwaleta wanakikundi mlangoni siku mumeo yupo. Kuna la katikati: umfuate wifi kwanza, umwambie wazi kwamba huwezi kulibeba hili peke yako, akalisema mwenyewe kwa kaka yake kabla ya tarehe mtakayokubaliana. Anaweza kukasirika. Lakini ahadi uliyompa ilikuwa ya siri, haikuwa ya kulipa na kukesha kwa niaba yake.

Presha usiisubirishe. Pumzi ya haraka haiwafai wenye presha ya juu, wajawazito, wenye kifafa wala wenye maradhi ya moyo, na wewe hujui presha yako imesimama wapi tangu ujifungue. Iache hiyo mpaka upimwe. Kituo cha afya kilicho karibu nawe watakupima kwa dakika chache. Ukiwa pale mwambie muuguzi na habari ya kukesha, na asubuhi ile ya vidole, kama ulivyoniandikia mimi. Akitaka kukupeleka mbele kwa watu wa afya ya akili, usikimbie kwa kusikia jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya akili ya Unguja: wapo wanaokwenda kule na usingizi kama huo wako, wakazungumza na mtu, wakarudi nyumbani siku hiyo hiyo.